Tupa Mfukoni: Kuchagua Zana za Mkono Lodwar na Kakuma

Anayelipia chapa kubwa hulipia mambo manne kwa mpigo: chuma chenyewe, moto uliopitishwa kwenye chuma hicho, urembo wa nje, na ahadi kwamba zana ikivunjika atapewa nyingine. Kwa fundi wa Lodwar, mawili kati ya hayo ni pesa iliyomwagwa mchangani. Ahadi haivuki Kitale. Wakala wa kukubadilishia bisibisi iliyokatika ncha, ukimpata, yuko Nairobi, karibu kilomita 700 kutoka hapa, na nauli ya kumfuata inanunua bisibisi nyingine na chakula cha njiani juu yake. Urembo nao, ule mng'ao wa kromu unaokuwezesha kujitazama uso kwenye spana, uliwekwa hasa kuzuia kutu. Lodwar hupata mvua ya kama milimita 200 tu kwa mwaka. Spana ya chuma kitupu, ikipanguswa kwa kitambaa chenye oili, hukaa hapa miaka bila kuota kutu ya maana. Kwa fundi wa Mombasa ningesema vingine, na hata kwa mjenzi wa mashua wa Kalokol, kando ya ziwa, ambako maji ni ya magadi na upepo haupumziki.

Yanabaki chuma na moto. Hayo ndiyo ya kulipia, na bahati nzuri ni kwamba yote mawili yanaweza kukaguliwa palepale dukani, kwa mkono, kwa sikio na kwa tupa ndogo.

Jina lililopigwa mhuri halitakuonyesha hayo mawili. Stanley ilianza mwaka 1843 huko Connecticut, Marekani. Leo zana zenye jina hilo hutengenezwa katika nchi kadhaa, China ikiwemo, na kwa madaraja yanayotofautiana: ya fundi wa kila siku na ya mtu anayetundika picha mara moja kwa mwaka. Kwa upande wa pili kuna majina yasiyotajwa kwa sauti kubwa lakini yana ukoo mzuri. Taparia ya India ilianza kutengeneza zana za mkono mwaka 1969 kwa ushirikiano wa kiufundi na B. A. Hjorth ya Uswidi, kampuni iliyosimama nyuma ya jina la Bahco, ambalo mafundi wa mitambo duniani kote hulivulia kofia. Plaisi ya Taparia huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Mswidi, na hakuna wizi wa nakala hapo: ujuzi ulikabidhiwa kwa mkataba. Halafu kuna Ingco na Total, ambazo zimejaa kwenye maduka ya Kenya kutoka Busia hadi Garissa. Humo ndani ya chapa moja unaweza kuokota nyundo nzuri na, kwenye rafu hiyohiyo, patasi ya hivi hivi. Kwa hiyo hukumu zana uliyoishika, usihukumu rangi ya boksi.

"Fundi, hii ni orijino kabisa," atakuambia mwenye duka.

"Orijino ya wapi, boss?"

"Ya Ujerumani. Soma mwenyewe, imeandikwa CR-V."

Herufi hizo zinasema chuma kimechanganywa kromu na vanadi. Inaweza kuwa kweli. Lakini mhuri wa herufi tatu haumgharimu mtu chochote, na hata chuma bora kikipitishwa moto vibaya ni bure. Stika ya KEBS kwenye bidhaa ya kuagizwa iangalie pia, ila usidhani inakwambia chochote kuhusu patasi hiyo moja iliyo mkononi mwako. Swali la kumwuliza mwenye duka ni hili: "Naweza kuigusa na tupa?" Anayejua mali yake atasema gusa, mradi usikwaruze mahali panapoonekana. Anayeanza ghafla kuisifia rangi, rudisha zana msumarini, msalimie, uende zako.

Tupa ninayoisema ni ile ya pembe tatu ya kunolea misumeno, fupi ya kuingia mfuko wa shati. Tupa nzuri ni miongoni mwa vyuma vigumu kuliko vyote katika sanduku la fundi. Viwanda hupima ugumu kwa kipimo kiitwacho Rockwell C, na humo tupa hukaa kwenye 62 kwenda juu. Patasi nzuri ya mbao hukaa kati ya 58 na 62. Shoka hushuka hadi hamsini na kidogo, na panga chini yake tena, maana panga lazima lipinde bila kukatika. Sukuma tupa polepole, kwa uzito wa kidole, kwenye kona ya zana iliyojificha. Ikiteleza kama juu ya kioo na kutoa mlio mwembamba, chuma hicho ni kigumu karibu sawa na tupa yenyewe. Ikishika kwa kukwaruza, ni cha kati. Ikila kwa raha na kuacha unga unaong'aa, ni laini, na hakuna chapa duniani itakayokiokoa.

Hapa wanunuzi wengi hupotea, wakidhani ugumu ukizidi ndio ubora. Patasi inatakiwa ikatae tupa karibu na makali, lakini shingoni, pale inapoingia kwenye mpini, tupa ipate kuuma. Patasi ngumu mwili mzima hukatika siku ya kwanza utakapoipiga nyundo ndani ya mti wenye fundo. Shoka ni kinyume: makali yake lazima yakubali tupa, kwa jasho lakini yakubali, kwa sababu huko laga, kwenye mto mkavu, utakakoenda kukata hakuna mashine ya kunolea, kuna tupa hiyohiyo. Shoka linaloitelezesha tupa litameguka meno kwenye shina la mti wa ewoi, na meno ya shoka hayaoti tena. Panga, kandamiza ncha yake sakafuni hadi lipinde kama upinde, kisha liachie. Likirudi limenyooka, zungumza bei. Likibaki na kibiongo, hata cha upana wa kidole, chuma chake hakikuzimishwa sawasawa.

Nyundo nataka niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo zana ambayo urahisi wa bei huweza kukutoa jicho. Nyundo nzuri hufuliwa: kipande cha chuma hupigwa kikiwa chekundu hadi kishike umbo, kisha uso wake pekee hugumishwa. Nyundo mbaya husubiwa. Chuma kilichoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu, hupoa, hupakwa rangi nene, huingia kwenye lori. Chuma cha kusubu huvumilia kusukumwa lakini hakivumilii kupigwa. Siku moja kipande hukatika ukingoni na kuruka, na hakichagui pa kwenda. Uitambueje? Tafuta mstari wa kalibu unaopita katikati ya kichwa, hasa ndani ya tundu la mpini ambako hakuna aliyejisumbua kusaga. Angalia ngozi ya chuma chini ya rangi: ya kusubu ina vipele kama mchanga mnene. Ning'iniza kichwa kwenye uzi, ukigonge kwa spana. Kilichofuliwa na kugumishwa vizuri hulia kwa muda. Cha kusubu husema "ko" kikanyamaza. Mlio si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini mlio, mstari na vipele vikikutana, mashahidi watatu wanatosha. Tupa kwenye uso wa nyundo inatakiwa ishike kidogo. Uso unaoitelezesha tupa kabisa ni mgumu kupita kiasi, na kwa sababu hiyohiyo usigonganishe nyuso za nyundo mbili hata kwa mchezo.

Jembe na sururu havihitaji mahangaiko hayo. Zamani jembe la chapa ya mamba, Crocodile, kutoka Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, lilikuwa kipimo cha majembe mengi Afrika. Leo jembe la bei ndogo lenye bamba la unene unaolingana, linalolia likigongwa, na lenye tundu lililoungana na bamba bila ufa, litachimba kisima cha laga au shamba la kando ya Turkwel bila kulalamika. Hapo weka pesa yako akiba.

Patasi na visu vya randa vina mtihani mmoja ambao haugharimu hata kuomba ruhusa, nao ni rangi. Sogea mlangoni penye mwanga utazame makali kwa ubavu. Ukiona kivuli cha buluu au zambarau kwenye ncha, chuma kilichomwa kwenye mashine ya kusaga. Chuma cha kaboni kilichogumishwa kikipashwa tena moto hupitia rangi kwa mpangilio maalumu: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 na kitu, kahawia karibu na 255, zambarau kwenye 280 hivi, kisha buluu kwenye 300. Manjano huacha patasi na ugumu wake. Buluu maana yake ugumu umeshuka hadi wa springi, na springi haishiki makali ya patasi. Wakati mwingine ni milimita moja tu iliyoungua, na ukiisaga polepole huku ukichovya majini utaifikia sehemu nzima. Lakini hiyo ni kazi yako, kwa hiyo ikate kwenye bei.

Mpangilio huohuo wa rangi ndio unaotenganisha mhunzi na mchomeleaji, na hapa ndipo ninapoona nafuu kubwa kuliko zote Turkana nzima. Barabara ya Kitale, Lodwar na Lokichoggio inaua malori, na lori lililokufa huacha springi. Chuma cha springi za sahani kina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na silikoni au kromu kutegemea kiwanda. Kwa tindo, shoka, tezo na kisu kikubwa, hicho si chuma cha maskini: zana nyingi za viwandani za kazi hizo hazikipiti mbali. Mtu wa jua kali anayejua moto akikifua atakupa zana ya kusimama bega kwa bega na ya Ulaya. Asiyejua moto atakupa kipande cha lori chenye umbo la shoka.

Kwa hiyo anza na chuma kilikotoka. Ukimkuta anafua tindo kutoka kwenye nondo za mjengo, ondoka. Nondo ina kaboni kidogo, mara nyingi chini ya nusu ya springi, na hata ukiizimisha kwenye maji ya barafu haitagumika kwa maana. Ukiwa na shaka, mwombe akiguse kwenye grainda utazame cheche. Nondo hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Springi hutoa cheche zinazopasuka njiani na kuchanua. Kisha mtazame akizimisha. Mhunzi makini hupasha hadi wekundu ambao sumaku haishiki tena, na wengi hufungia sumaku ya spika kuukuu kwenye waya kwa kazi hiyo. Hapo anachovya kwenye oili chafu ya injini, si kwenye maji, kwa sababu springi ikishtuliwa kwa maji hupata nyufa ambazo jicho halizioni. Halafu, na hapa ndipo wengi huruka, anaisugua ing'ae na kuirudisha kwenye moto mdogo hadi rangi zianze kutembea kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Makali ya tindo yakifika zambarau, anaizima. Makali ya shoka yakikaribia buluu, anaizima. Akikurushia zana moja kwa moja kutoka kwenye oili, ni ngumu na itavunjika kama chupa. Ukimwuliza "fundi, umeirudisha motoni?" na akakutazama kana kwamba umemtukana, umepata mtu.

Eneo hili halikujifunza kupima makali jana. Kisu cha mkononi cha Waturkana, abarait, ni bamba la mviringo linalovaliwa kama bangili, makali yakitazama nje, na ukingo wake hufunikwa kwa ngozi hadi siku ya kazi. Vipo vya zamani katika Makavazi ya Pitt Rivers, Oxford, na ukivitazama utaona umahiri ulikuwa kwenye ukingo: unene unashuka polepole, kwa kipimo kimoja, mzunguko mzima. Vyuma vingi vya wafugaji wa upande huu, mikuki hasa, vilitoka kwa wahunzi wa vilima vya Labwor, ambavyo leo viko Uganda, vikabadilishwa kwa mifugo. Hapakuwa na mhuri wala boksi. Mkuki uliopinda kwenye ubavu wa mnyama ulimharibia mhunzi jina hadi ng'ambo ya mpaka ambao ulikuwa bado haujachorwa.

Msumeno unataka mjadala mwingine, maana hapa zana ya kisasa zaidi ndiyo yenye hasara. Tazama ncha za meno. Zikiwa na weusi wa buluu uliokoma ghafla katikati ya jino, meno hayo yamegumishwa kwa umeme. Hukata vizuri sana yakiwa mapya, tupa haiyagusi, na yakichakaa msumeno unatupwa. Kwa mbao laini za saiprasi zinazoteremka kutoka nyanda za juu, sawa, utapata kazi ya kutosha. Lakini Kakuma mti ulio karibu ni mathenge, mgumu, uliopinda, wenye mchanga kwenye magamba. Mathenge humaliza meno ya aina yoyote, na hapo swali pekee ni kama unaweza kuyanoa. Nunua msumeno ambao meno yake ni rangi moja na bamba na yanashika tupa. Ukunje hadi ncha ikaribie mpini, uachie: urudi umenyooka. Kisha tafuta sindano ya kushonea. Meno ya msumeno hupindwa moja kulia, moja kushoto, na katikati huacha mfereji. Shika msumeno meno juu, uinamishe kidogo, ulaze sindano kwenye mfereji. Kama meno yamepindwa kwa usawa, sindano itateleza kutoka mpinini hadi nchani bila kuanguka. Msumeno wa bei ya chini uliopita mtihani wa sindano ni bora kuliko wa bei ya juu ulioushindwa. Ukishindwa kidogo, fundi mwenye subira anaweza kuupinda upya.

Sasa mpini, jambo ambalo miongozo ya watu wa nchi baridi hulipita haraka. Mpini uliokaushwa Kitale au Guangzhou bado una unyevu ndani yake. Ukifika Lodwar, ambako joto la mchana huwa karibu na nyuzi 35 miezi yote na hewa ni kavu, mbao hunywea, na kichwa cha nyundo kilichokaa imara dukani kinaanza kucheza kabla mwezi haujaisha. Watu wengi huloweka nyundo kwenye ndoo usiku. Asubuhi imekaza, kweli. Lakini mbao iliyovimba ndani ya tundu la chuma haina pa kwenda, nyuzi zake hupondwa, na ikikauka tena huwa nyembamba kuliko jana. Ukiloweka mara kadhaa umemaliza mpini. Dawa ni kununua kichwa na mpini mbalimbali, au kung'oa mpini wa dukani, kuuacha kivulini wiki kadhaa ukaushwe na hewa ya hapahapa, ndipo uuchonge, uutie, na kupiga kabari ya mti mgumu. Kisha upake mafuta ya kitani, au mafuta ya mkia wa kondoo ambayo hayakosekani, hadi mbao ikatae kunywa.

Miti yetu ya ukame haionyeshi vizuri duara za miaka, kwa hiyo shauri la vitabu la kutazama duara kitakoni mwa mpini halisaidii sana. Tazama ubavuni: nyuzi zitembee kutoka mwanzo hadi mwisho bila kutokea nje njiani. Mpini uliopasuliwa kwa shoka hufuata nyuzi wenyewe. Uliopasuliwa kwa msumeno hufuata mstari wa penseli. Mzee anayechonga ekicholong, kigoda cha Waturkana, kwa tezo kutoka kwenye kipande kimoja cha mti anajua jambo hili kuliko duka zima. Mipini ya plastiki na mpira kwenye jua hili ina shida zake: plastiki hupauka na kupasuka, mpira wa bei ya chini huyeyuka ukanata mkononi kama gundi. Sururu na majembe ya tundu la mviringo hayana matatizo haya, kwa kuwa kichwa huingizwa kutoka upande mwembamba wa mpini na kila pigo hukikaza zaidi. Laiti nyundo zingetengenezwa hivyo.

Zana za kupimia hazina haja ya jina kubwa kabisa, zina haja ya mnunuzi anayezijaribu. Kwenye tepu tafuta alama ya daraja, namba za Kirumi ndani ya duara bapa. Daraja la II linaruhusiwa kukosea hadi milimita 1.3 kwenye mita 5, na kwa seremala inatosha. Ndoano ya mbele inayocheza si mbovu: inatakiwa icheze kwa unene wake wenyewe, ili kupima kwa kusukuma na kwa kuvuta kulingane. Wengi huigonga ikaze, na hapo ndipo wanapoiharibu. Adui wa tepu hapa ni jua. Tepu husanifiwa kwa joto la nyuzi 20. Ukiiacha juu ya mabati ikafika 50, chuma chake hurefuka, na kwenye mita 5 utakuwa umepotoka karibu milimita 2, kosa kubwa kuliko lile la daraja lenyewe. Dirisha la chuma lililolala juani nalo limerefuka pamoja na tepu, kwa hiyo hapo mmelingana. Mbao haikurefuka hivyo.

Pimamaji iweke juu ya ukuta, soma povu, igeuze kichwa kwa mkia mahali palepale, usome tena. Masomo mawili yakifanana ni nzima, iwe ya bei gani. Povu litakuwa dogo mchana kuliko asubuhi kwa kuwa maji ya ndani yametanuka, usishtuke. Skwea ni vivyo hivyo: chora mstari kutoka ukingo ulionyooka, igeuze, chora mwingine kutoka nukta ileile. Ikipanuka mistari, waachie wengine.

Spana ijaribu kwa nati mpya, si ile iliyoliwa ya pikipiki yako. Fundi wa boda boda anajua namba zake, 8, 10, 12, 14, 17, na aende na bolti mfukoni. Spana ikicheza juu ya nati mpya, itakula nati zako zote. Ile ya kurekebishwa, ambayo mafundi huiita spana malaya, ifungue nusu, utikise taya la chini. Mchezo ukiwa mwingi leo, mchanga wa Turkana utauongeza kesho. Plaisi ifunge uielekeze juani: mwanga usipite kati ya meno ya kukatia hadi nchani kabisa, kisha ikate karatasi moja ya daftari. Inayokata waya nene lakini inakunja karatasi ina meno yasiyokutana.

Kuna mahali ambapo sitakubali unafuu. Fundi wa umeme anayegusa nyaya zenye moto anunue zana zenye alama ya 1000 V na namba ya kiwango IEC 60900, kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti. Zana hizo hujaribiwa moja moja kwa volti 10,000 kabla ya kutoka kiwandani. Plastiki nyekundu iliyochovywa juu ya plaisi ya kawaida inafanana nazo kwa jicho, na hakuna tupa, mlio wala sindano ya kukuonyesha tofauti. Cha kukuonyesha ni umeme, nao haurudii kuuliza. Tupa yenyewe pia ilipie, kwa kuwa ndiyo inayohukumu nyingine zote.

Kuhusu mahali pa kununua, Lodwar ina maduka makubwa zaidi, Kakuma ina ushindani mkali zaidi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, wa mwaka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 Kakuma. Nyingi ni za unga, sukari na simu, lakini Wasomali na Waethiopia wenye maduka ya vifaa hukaa karibu karibu, na ukitoka kwa mmoja na tupa yako mkononi jirani yake amekwisha kukuona. Wapo pia vijana waliosomea useremala, uashi na uchomeleaji katika mafunzo ya ufundi ya Don Bosco. Waulize wanatumia nini baada ya mwaka mmoja kazini, si walichopewa siku ya kumaliza.

Mitumba ya zana isikuaibishe. Kambi ya mkandarasi ikivunjwa, au fundi akihama, hutoka vitu ambavyo duka halina: jiriwa nzito, patasi za Sheffield zilizofunikwa kutu, randa za chuma. Randa igonge ubavuni kwa ukucha na usikilize kama ina ufa, hasa pembezoni mwa mdomo, maana mwili wake ni wa kusubu. Patasi, sugua kutu kwa msasa papo hapo, mbele ya muuzaji. Kutu ya juu juu huondoka na chini yake huenda kuna chuma bora kuliko kipya chochote mjini. Lakini igeuze utazame upande wa nyuma, ule ulio bapa, sentimita mbili za mwisho kuelekea makali. Vishimo vya kutu vikiwa hapo, kila utakaponoa kimojawapo kitafika ukingoni na kuwa pengo. Hiyo irudishe, hata akikuachia kwa shilingi hamsini.